Rekodi Zilizofungwa: Mabingwa wa Otofokasi Wakitazamwa Kutoka Gungu

Picha 16 kwa sekunde moja, jicho likiwa kwenye kitundu cha kutazamia. Rekodi hiyo ya kamera za kioo inashikiliwa na Canon EOS-1D X Mark III, kamera ya digitali yenye kioo iliyotangazwa Januari 2020, na haitavunjwa. Si kwamba haiwezekani. Washindani wakubwa wameondoka uwanjani. Mwishoni mwa 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, aliliambia gazeti la Yomiuri Shimbun kwamba hiyo ndiyo kamera kubwa ya kioo ya mwisho kwa kampuni yake. Nikon nao, baada ya D6 ya mwaka huohuo wa 2020, wakahamishia akili na fedha zao kwenye kamera zisizo na kioo. Mashindano yaliyoanza miaka ya 1980 yamepulizwa filimbi ya mwisho, na sasa medali zinaweza kugawiwa bila hofu kwamba mwakani zitanyang'anywa.

Mkoa wa Kigoma haushangazwi na rekodi. Tunalo ziwa la maji baridi refu kuliko yote duniani, kilomita 670 na ushei, lenye kina cha mita 1,470 kinachozidiwa na Baikal peke yake. Tunayo MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Rekodi za kamera zinatuhusu kwa sababu nyingine kabisa. Mitambo iliyokuwa mabingwa wa dunia miaka kumi iliyopita ndiyo inayoshuka leo kwenye mabasi ya Dar es Salaam, imeviringishwa ndani ya fulana kuukuu na kutiwa kwenye boksi la biskuti. Kijana wa Gungu, hapa Kigoma, anayepiga harusi Jumamosi na mpira Jumapili anaweza kushika kamera ileile iliyokuwa pembeni mwa uwanja kwenye Olimpiki ya London 2012 au ya Rio 2016. Cha kuuliza ni bingwa yupi, na alikuwa bingwa wa nini.

Upofu mfupi kuliko wote

Kabla ya medali, tuelewane kinachoshindaniwa. Ndani ya kamera ya kioo, mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo kilichoinama, ukapandishwa hadi kwenye jicho la mpiga picha. Katikati ya kioo hicho pana sehemu inayoachia mwanga kidogo upite. Nyuma yake kuna kioo kidogo kinachouteremsha hadi sakafuni mwa kamera, vilipo vihisi vya fokasi. Kihisi hupokea taswira mbili za kitu kilekile, kila moja ikitoka upande wake wa lenzi, kisha huzilinganisha. Zikiwa zimeachana, kamera inajua papo hapo lenzi isogee mbele au nyuma, na isogee kiasi gani. Haipapasi. Kamera ndogo za mfukoni za zamani zilikuwa zikipapasa, zinapitiliza na kurudi, na ndiyo maana mtoto anayekimbia alitoka ukungu kila mara.

Sasa bonyeza kitufe. Vioo vyote viwili vinajikunja ili shata ipate nafasi, na kuanzia hapo vihisi haviambulii kitu. Kamera imekuwa kipofu. Toka kidole kizame hadi shata ifunguke, kamera bora za aina hii hutumia kama milisekunde 40 hadi 55. Zinaonekana si kitu, mpaka upige hesabu. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani Septemba 2021, rekodi ya Afrika, wastani wa kasi yake ulikuwa mita 10.2 kwa sekunde. Katika milisekunde 50 anasogea nusu mita. Chukua lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa f/2.8, mkimbiaji akiwa mita 20 mbele yako: eneo litakalotoka kali lina kina cha sentimita 40 hivi, mbele na nyuma kwa jumla. Kamera iliyompima kifuani barabara wakati wa kubonyeza itakuletea picha kali ya hewa aliyoiacha mgongoni.

Kwa hiyo kamera ya michezo haipimi mtu alipo. Inakisia atakuwa wapi shata ikifunguka, kwa kuangalia mwendo wake kwenye picha zilizotangulia. Kwenye mwendo wa picha 16 kwa sekunde, mzunguko mzima una milisekunde 62 na nusu: kioo kipande, shata ifunguke na kufunga, kioo kishuke, kitulie bila kutetemeka, vihisi visome, akili ikokotoe, mota ya lenzi isogee, kioo kipande tena. Ukiona kamera ya daraja la kwanza inauzwa dola 6,499, kama ilivyouzwa hiyo Mark III ikiwa mpya, ujue sehemu ya fedha imekwenda kwenye kile kipande cha kutulia bila kutetemeka.

Medali ya upofu mfupi, hata hivyo, naipeleka kwa mzee wa filamu, Canon EOS-1N RS ya 1995. Kioo chake hakikunjwi kabisa. Ni chembamba, kinaachia sehemu kubwa ya mwanga iende kwenye filamu na kurudisha sehemu ndogo kwenye jicho. Ilipiga picha 10 kwa sekunde, na ukiitega kwenye hali yake ya haraka, shata ilifunguka milisekunde 6 tu baada ya kidole. Hakuna kamera ya digitali ya kioo kinachokunjwa iliyoisogelea. Ila ilikuwa na bei yake: mwanga ulipungua kwenye kila picha, na kioo kikichafuka, kila picha ilipita kwenye uchafu huo. Sony walilirudia wazo hilo kwenye digitali mwaka 2010 kwa A33 na A55, wakaondoa kitundu cha vioo na kuweka skrini ndogo, na wabishi wa mambo haya mpaka leo hawakubali kuziingiza kwenye orodha. Mimi ni mmoja wa wabishi hao.

Wa kwanza, na aliyelipa

Pentax ME-F ya 1981 ndiyo kamera ya kioo ya milimita 35 ya kwanza kuuzwa ikipima fokasi kupitia lenzi yenyewe. Ilikuwa na lenzi moja ya otofokasi, ya 35-70, iliyobeba mota na betri zake tumboni. Sidhani kuna aliyekwenda nayo mpirani mara mbili.

Minolta 7000 ya mwaka 1985 ndiyo iliyolifanya jambo hili kuwa biashara: mota ikahamia ndani ya kamera, lenzi zikawa nyepesi, watu wakanunua. Honeywell ya Marekani ikadai hati miliki zake zimechezewa. Mwaka 1992 kesi ikaiendea vizuri, Minolta ikalipa zaidi ya dola milioni 120, na kampuni nyingine nazo zikatoa fungu lao. Hiyo ndiyo otofokasi ghali kuliko zote, na hakuna mpiga picha aliyewahi kuishika.

Canon mwaka 1987 wakawaudhi wateja wao wote kwa mpigo. Waliutupa mlango wa lenzi wa zamani, wakaleta EF, ambao hauna hata kishikizo kimoja cha mitambo kati ya kamera na lenzi. Kila amri inapita kwa umeme na kila lenzi ina mota yake. Aliyekuwa na lenzi za zamani alibaki nazo kabatini. Leo uamuzi ule ndio unaomfaa mtu wa kipato cha kawaida, kwa maana lenzi ya EF ya 1987 inaingia kwenye 1D X Mark III ya 2020 na kufokasi yenyewe.

Nikon wanashikilia rekodi ya kudumu na mlango mmoja, toka Nikon F ya 1959 hadi D6, miaka 61. Lakini hapa pana mtego, na umeshawanasa wengi. Lenzi nyingi za Nikon za otofokasi za zamani hazina mota. Zinategemea bisibisi ndogo iliyomo kwenye kamera. Kamera ndogo za Nikon, zile za D3000 na D5000 na wadogo zao wote, hazina bisibisi hiyo. Lenzi itaingia, itafunga, picha itaonekana, na fokasi utazungusha kwa mkono kama mwaka 1975. Muuzaji atakuambia, "Hiyo ni betri tu, kaka." Si betri.

Kwenye digitali, miongoni mwa waliotangulia na otofokasi ni Kodak DCS 200 ya 1992, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F-801s. Nikon D1 ya 1999, yenye megapikseli 2.7 na picha 4.5 kwa sekunde, ndiyo iliyowafanya wapiga picha wa magazeti waanze kuacha filamu.

Mwenye macho mengi

Canon 1D X Mark III ina nukta 191 za fokasi, na 155 kati yake ni za msalaba. Hakuna kamera ya kioo yenye nyingi zaidi. Nikon D5 ya 2016 ilikuwa na 153, za msalaba zikiwa 99, lakini mpiga picha aliruhusiwa kuchagua 55 tu kwa mkono wake. Nyingine zilifanya kazi ya usaidizi kimyakimya. D6 ikarudi nyuma kwa hesabu ya boksi: nukta 105. Wauzaji waliona aibu kuitangaza. Ila zote 105 ni za msalaba, na zote unazichagua.

Tofauti ya nukta ya msalaba na ya kawaida utaiona golini kuliko mahali pengine popote. Nukta ya kawaida inasoma michirizi ya upande mmoja. Inayoona nguzo haioni mwamba. Inayoona mwamba haioni nguzo. Kipa akiruka mbele ya wavu, na jezi yake ni ya rangi moja isiyo na mistari, nukta ya kawaida inaweza kukosa kabisa cha kushika, ikamwacha kipa na kwenda kushika matangazo ya nyuma ya goli. Ya msalaba inasoma pande zote mbili. Kwa hesabu yangu mimi, D6 yenye 105 inamshinda D5 mwenye 153, na nukta tisa nzuri za katikati zinatosha kumpa mtu kazi miaka mingi.

Kuna rekodi nyingine ya nukta isiyotajwa sana, nayo ni ya kusambaa. Kihisi cha fokasi hukaa katikati ya picha, pembeni hakifiki, kwa sababu kile kioo kidogo cha nyuma hakiwezi kuwa kikubwa. Nikon D500 ya 2016 ilichukua mtambo uleule wa fokasi wa D5 na kuuweka kwenye kamera yenye kihisi kidogo cha picha. Matokeo yake nukta zikafika karibu kingo zote mbili, kulia na kushoto. Winga anayekimbia na mpira ukingoni mwa picha, na nafasi tupu mbele yake, anashikika bila kukuhitaji umsogeze katikati.

Ung'ang'anizi, na fainali ya Kigoma

Julai 25, 2021 Uwanja wa Lake Tanganyika ulichukua mechi ambayo mji huu ulikuwa haujapata kuiona: fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga. Yanga walibaki pungufu kipindi cha kwanza, Mukoko Tonombe alipoonyeshwa kadi nyekundu. Simba wakashinda 1-0 kwa bao la kichwa la Taddeo Lwanga, zikiwa zimebaki kama dakika kumi.

Bao la kichwa ndilo mtihani mkubwa kuliko yote wa otofokasi kwenye mpira, na namba za boksi hazisaidii. Mpira unapaa, watu kumi na tano wanajazana kwenye eneo la mita chache, kila mmoja anampita mwenzake mbele ya lenzi yako. Unamfuata mtu mmoja. Beki anapita katikati. Kamera yenye haraka sana, ile iliyotangazwa kwamba inafokasi kufumba na kufumbua, inafanya alichoahidi muuzaji: inaruka kwa haraka kwenda kwa beki. Ukija kutazama nyumbani, una shingo ya beki iliyo kali hadi vinyweleo na nyuma yake kivuli cha mfungaji hewani.

Ndiyo maana medali ninayoithamini ni ya ung'ang'anizi. Canon 1D X ya 2012, yenye nukta 61 na picha 12 kwa sekunde, ilileta orodha ya hali sita zilizoandaliwa, kila moja ikiiambia kamera ivumilie kiasi gani kitu kinapokatiza mbele. Nikon kwenye D5 na D6 wana kipimo cha 1 hadi 5 cha jinsi kamera inavyosubiri kabla ya kumwacha aliyezibwa. Mchezaji wa pembeni wakati waamuzi na waokota mipira wanapita: subiri sana. Mbio za kupokezana vijiti, ambapo unataka kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine: usisubiri. Watu wananunua kamera ya mamilioni, hawaufungui ukurasa huo hata siku moja, kisha wanasema kamera ya fulani ni bora kuliko yao.

Jambo la pili la bure ni kidole gumba. Kamera zote za daraja hili zina kitufe cha AF-ON mgongoni. Ondoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia, iache kwa gumba peke yake. Beki akikatiza, unainua gumba, lenzi inabaki ilipokuwa, akishapita unashusha. Kwa kona, hiyo inaishinda tofauti ya kati ya nukta 61 na 191.

Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, walipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2023/24, wapiga picha wa huku wakapata mechi za nyumbani za kufanyia mazoezi, na wakapata zawadi moja ambayo wenzao wa Dar hawana. Tuko magharibi ya mbali na saa ni ileile ya nchi nzima, hivyo jua letu linazama kama dakika 40 baada ya la Dar es Salaam. Mechi ya saa kumi jioni inamalizika mwanga ungalipo, umelala chini na kuchora kila mkunjo wa jezi. Vihisi vya fokasi vinapenda mikunjo.

Aibu kubwa kuliko zote

Canon EOS-1D Mark III, 2007. Picha 10 kwa sekunde, nukta 45, na wakati wa kutoka kwake hakukuwa na kamera ya digitali ya kioo iliyokimbia kuliko hiyo. Kisha wapiga picha wa michezo wakaanza kulalamika: mkimbiaji anakuja moja kwa moja, picha ya kwanza kali, ya pili kali, ya tatu na ya nne ukungu, ya tano kali tena. Lilikuwa baya zaidi kwenye joto na jua kali, hali ya hewa ambayo huku ni ya kila siku. Kabla ya mwaka kwisha Canon walitangaza kurekebisha bure kile kioo kidogo cha nyuma kwenye kamera zilizohusika. Mwishoni mwa mwaka huohuo Nikon wakaingiza sokoni D3, nukta 51, picha 9 kwa sekunde, na watu waliokuwa wamejiapiza kwa lenzi nyeupe za Canon wakaanza kuuza.

Zingali zikizunguka hizo Mark III, kwa bei ya kutamanisha. Ukiletewa, uliza kama ilirekebishwa. Asiyejua jibu usimnunulie.

Nzito

Canon EF 1200mm f/5.6, iliyotoka 1993, kilo 16.5, lenzi ndefu kuliko zote za otofokasi zilizowahi kuuzwa kwa kamera za kioo. Ilitengenezwa kwa oda. Inaifuata Sigma 200-500mm f/2.8 ya 2008, kilo 15.7, ya kijani, yenye betri yake. Kila moja ina uzito unaokaribia ule wa ndoo ya maji ya lita 20, na hii haibebwi kichwani.

Anayeona gizani

Rekodi hii ni ya Nikon D6: nukta yake ya katikati inafokasi kwenye mwanga wa -4.5 EV, kiza kikubwa kuliko cha usiku wa mbalamwezi. D5 na 1D X Mark III zinakoma -4. Nusu hatua si nyingi, lakini huku kwetu ina kazi. Wavuvi wa dagaa wanafuata usiku usio na mwezi. Mwezi ukipevuka wanapumzika kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Maana yake kazi yenyewe, wavu unapopandishwa na migongo ya watu inang'aa maji, inafanyika katika giza la kweli lenye taa kali katikati. Elekeza nukta kwenye taa, na kamera inachanganyikiwa kwa mng'ao. Elekeza pale mwanga unapoishia, kwenye ukingo wa bega au kamba iliyolowa, na inashika.

Lakini giza gumu zaidi liko mchana, msituni Gombe, safari ya boti kutoka Kibirizi. Sokwe ni mweusi, yuko chini ya majani, na flashi hairuhusiwi. Vihisi vya fokasi havioni kitu chenyewe. Vinaona tofauti kati ya kitu na jirani yake. Manyoya meusi ndani ya kivuli hayana jirani. Lenzi inakwenda mwisho, inarudi, inakwenda tena kwa mlio mdogo wa kukata tamaa, na sokwe ameshaondoka. Dawa ni kutafuta palipo na mng'ao: jicho lenye nuru ya anga, ukingo wa sikio, mvi za mgongoni za wazee.

Hugo van Lawick alipotumwa Gombe mwaka 1962 kumpiga picha Jane Goodall na sokwe wake, hakuwa na chochote kati ya hivi. Fokasi ilikuwa mkono wake. Nusu karne baadaye Anup Shah, mzaliwa wa Kenya, na Fiona Rogers walikwenda na kurudi hadi kikatoka kitabu chao, Tales from Gombe, mwaka 2014. Ukikifungua utaona kwamba picha zake nyingi za nguvu zinamkuta sokwe kwa karibu, ametulia au anageuka, uso ukiwa umepata mwanga. Ni watu walioijua tabia ya mnyama, wakawa tayari kabla hajageuka. Hapo ndipo kukisia kwa mtu kunaizidi akili ya kamera, na katika medali zote nilizotaja, sijaona ya kuwekwa mbele ya hiyo.

Juu ya maji mambo yanageuka: mwanga ni mwingi kupita kiasi. Furukombe anapoteremka kukwapua migebuka, kichwa chake cheupe kinapita juu ya maelfu ya vimetameta vya mawimbi, na kila kimetameta kinaiita kamera. Nukta moja haitoshi kumfuata ndege, nukta zote zitashika maji. Kundi dogo la katikati, ung'ang'anizi ukiwa juu, na uanze kumfuata akiwa bado angani.

Bingwa wa bei

Tuje mfukoni. Medali ya thamani kwa shilingi naigawa kwa wawili. Canon EOS 7D Mark II ya 2014 ilitoka kwa dola 1,799 ikiwa na nukta 65, zote za msalaba, na picha 10 kwa sekunde. D500 niliyokwisha kuitaja ilitoka kwa dola 1,999, nayo picha 10 kwa sekunde. Zimeshuka bei mno tangu ulimwengu uhamie kwenye zisizo na kioo. D500 ukiifungia lenzi ya Nikon 200-500mm f/5.6 ya 2015, lenzi isiyo na haraka sana lakini kali na ya bei ya mwanadamu, umepata mtambo wa furukombe, wa mpira na wa sokwe kwa pamoja. Kwa harusi za usiku ukumbini ningechukua D500 kabla ya 7D Mark II. Canon ile inachoka mapema giza likizidi.

Ila chunguza shata. Ile ya 7D Mark II ilipimwa kwa mipigo 200,000, ya D6 kwa 400,000, ya 1D X Mark III kwa 500,000, na hii ni rekodi pia. Inasikika kama umri wa milele. Gawanya 500,000 kwa picha 16 kwa sekunde: saa nane na dakika arobaini na moja. Mtu akiachia kidole bila huruma anaweza kuimaliza shata ya bingwa wa dunia kabla ya basi lililotoka Dar es Salaam kufika Tabora. Kamera iliyotoka kwa mpiga picha wa michezo wa Ulaya imeshakula sehemu kubwa ya saa hizo, hata kama ngozi yake inang'aa.

Kisha toa lenzi, inua kioo taratibu kwa ncha ya kidole kwenye ukingo wake, na umulike chini. Utaona dirisha dogo sakafuni. Hapo ndipo vihisi vilipo, na vumbi letu jekundu likifika hapo, nukta kadhaa zinaanza kudanganya: za kushoto zinashika vizuri, za kulia zinakosa kwa sentimita kumi, na mwenyewe analaumu lenzi. Pulizia kwa mpira wa hewa, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo.

Chaji moja

Kamera zisizo na kioo zimeshavunja karibu kila rekodi iliyotajwa hapa. Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, inapiga picha 120 kwa sekunde na haina upofu hata kidogo, kwa kuwa hakuna kioo cha kukunjwa. Kihisi kinachopiga ndicho kinachofokasi. Kubishana nayo kwa kasi ni kupoteza muda. Lakini skrini yake inakula umeme muda wote unapotazama, na kwa kipimo rasmi cha CIPA chaji moja haifikishi picha 600. Kitundu cha vioo hakili kitu. Mark III ya 2020 inatoa picha 2,850 kwa chaji moja, D6 3,580, D5 3,780, na familia ya D3 iliyoanza mwaka 2007 ilipita 4,000. Kwa anayepanda boti Kibirizi asubuhi na mahali pa kuchaji hapajui mpaka kesho kutwa, D3 yenye nukta 51 na megapikseli 12 bado ni kamera ya kuulizia bei.